Uzoefu wangu: miezi minane ya kupika mbele ya simu Dodoma

Video yangu ya kwanza kupata watazamaji wengi ilikaa na sauti siku mbili tu. Nilikuwa napika mlenda wa unga kwa magadi na karanga za kutwanga, na pembeni nasonga ugali wa uwele. Siku ya tatu asubuhi nikafungua simu nisome oda za mlenda mkavu ninaouza, nikakuta picha zinaenda, mdomo wangu unacheza, sauti hakuna. Chini yake maandishi madogo yanasema sauti imezimwa kwa sababu ya hakimiliki ya muziki. Mimi sikuwa nimeweka wimbo wowote.

Nikaichukua ile video ya asili iliyobaki kwenye simu, nikaweka spika sikioni. Ndipo nikasikia. Nyuma ya maneno yangu, kwa mbali, redio ya kinyozi jirani ilikuwa inapiga wimbo wa Bongo Fleva, na ulisikika vizuri kwa kama nusu dakika. Hiyo ilitosha.

Mnaoniuliza natumia simu gani kurekodi mapishi, ndiyo maana jibu langu huanzia kwenye sauti. Lakini nitaisema na simu, kwa sababu nimeitumia miezi minane jikoni kwangu Nkuhungu, na najua panapouma.

Niliinunua mjini kwa shilingi 420,000, mpya, ya nafasi ya gigabaiti 128. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa simu za bei hiyo zinafanana sana kwa kazi hii. Kabla ya kutoa hela nilibonyeza *#06#, nikapata namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, nikaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 nihakikishe si bandia. Tulioona simu feki zikizimwa Juni 2016 tuna sababu ya kufanya hivyo kila mara. Muuzaji asiyetaka ufungue boksi na kuhakiki, mwache aendelee na simu yake.

Kamera inanitosha. Kinachoisumbua ni mwanga wa Dodoma. Saa sita mchana jua linapiga kwenye sufuria na picha inakuwa nyeupe tupu, mboga haionekani rangi. Nimejifunza kupika saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, na kusimamisha simu ubavuni mwa mlango, siyo mbele yake. Ukishalenga, shikilia kidole kwenye kioo mpaka kamera ifunge umbali na mwanga, la sivyo kila mvuke unapopanda picha inahangaika kutafuta pa kutazama. Mvuke wenyewe unafunga ukungu kwenye lenzi, kwa hiyo kipande safi cha kanga kinakaa begani muda wote.

Joto ndilo tatizo lake kubwa. Mara tatu imekataa kuendelea kurekodi, ikaandika kwamba imepata moto kupita kiasi. Ukiiweka karibu na jiko la mkaa chini ya paa la bati, usiilaumu. Sasa inakaa hatua mbili kutoka jikoni, na kava naivua kabla ya kuanza. Vumbi la kiangazi nalo liliingia kwenye tundu la chaji hadi waya ukawa haushiki. Fundi alilisafisha kwa shilingi elfu mbili. Nafasi ya kuhifadhi inaisha haraka kuliko nilivyodhani: dakika moja ya video ya kiwango cha juu inakula megabaiti zaidi ya mia, na mlenda na ugali wake, ukirekodi kila hatua, ni dakika ishirini. Kila Jumapili nahamishia kwenye memori kadi.

Sasa sauti.

Maiki ya ndani ya simu inasikia kila kitu sawasawa. Simu ikiwa mbali nami, inapandisha usikivu ili inifikie, na ikipandisha inamleta kinyozi na redio yake, bodaboda na mtangazaji wa dagaa. Kwa hiyo nilinunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ya waya, elfu kumi na tano. Tofauti ilikuwa kubwa siku hiyo hiyo. Maiki ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni, sauti yako inaingia na nguvu zake na redio ya jirani inabaki huko huko kwa jirani. Ila waya na mkaa havikai pamoja. Wangu uliungua wiki ya pili. Nikaongeza hela nikachukua isiyo na waya, elfu arobaini na tano, na hiyo ndiyo ninayoisifu leo. Ina kisponji chake cha kuzuia upepo, usikitupe, upepo wa Dodoma utakitaka. Chaji yake inadumu kwa muda wa saa nne. Nikirekodi sufuria badala ya mdomo, naibana kwenye stuli karibu na jiko, na hapo unasikia mlenda unavyochemka ule mchemko wake mzito, na mwiko unavyogonga ukingo. Watu wengi wameniandikia kwamba mate yaliwatoka kwa sauti hiyo kabla hawajaona sahani.

Baada ya kumdhibiti kinyozi nilitaka muziki, na hapo nikaanguka mara ya pili. Nilichagua wimbo kutoka kwenye orodha ya nyimbo za ule mtandao wenyewe wa video, nikaona niko salama. Nilipobadili akaunti iwe ya biashara, kwa sababu nauza mlenda mkavu na karanga, nyimbo nyingi zikatoweka kwenye orodha na video zangu mbili zikabaki bubu. Niliumia sana. Ilikuwa wiki ambayo oda za Dar zilikuwa zimeanza kuja.

Aliyenielewesha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja Jumamosi akala, kisha akaniambia, "Mama mdogo, ile ruhusa ya nyimbo walipewa kwa ajili ya watu wanaojifurahisha. Wewe unauza. Wimbo ukikaa juu ya kitu kinachouzwa unakuwa tangazo, na tangazo lina makubaliano yake na malipo yake." Akanieleza pia mashine inavyotambua. Wenye nyimbo wanaupa mtandao rekodi zao, kompyuta inatengeneza alama ya kila wimbo, kama alama ya kidole, kisha kila video inayopakiwa inalinganishwa nayo. Haijali kama wimbo uliuweka wewe au uliingia dirishani. Haijui pia kama mwenye wimbo angekuruhusu. Inajua alama zimefanana, basi.

Nilimuuliza kuhusu marehemu Hukwe Zawose. Huyu ni Mgogo wa mkoa huu huu, aliyeipeleka ilimba, ile ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na zeze mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, na rekodi zake zikatolewa na Real World, kampuni ya muziki ya Uingereza. Nilitamani sana ilimba yake iwe chini ya sauti yangu ninaposonga uwele. Mzee alifariki mwaka 2003, nikadhani hakuna wa kuombwa. Kumbe wapo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabu mwenyewe: ni mpaka 2053. Na ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa kuna haki zaidi ya moja: ya aliyetunga, ya waliopiga na kuimba, na ya aliyeigharamia rekodi. Kumpata mmoja hakutoshi. Wala si lazima kazi iwe imesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo ilindwe. Usajili unasaidia kuthibitisha pakitokea ugomvi, lakini haki inaanza kazi inapotengenezwa.

Sikukasirika kusikia hivyo. Nilifurahi kwamba jasho la mzee yule bado lina mwenyewe.

Nikajaribu maktaba ya muziki ya YouTube, ile inayotoa miziki unayoruhusiwa kutumia bila malipo. Inafanya kazi vizuri na inatafutika hata kwa bando dogo. Soma tu maelezo ya kila muziki, kwa sababu mingine inakutaka umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video, na ukisahau umevunja sharti. Kwa usalama naipa alama zote. Kwa ladha, hapana. Piano ile juu ya mlenda wangu iliufanya uonekane mgeni kwenye sahani yake mwenyewe. Mteja mmoja, mama mtu mzima wa Kondoa, aliniandikia, "Mwanangu, chakula kizuri, ila huo muziki wa msiba ni wa nini?" Nikautoa siku hiyo hiyo.

Ndipo nikapanda daladala kwenda Chamwino.

Huko kuna kinamama wanaopiga muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani, na Chamwino ndiko linakofanyika tamasha la muziki wa Wagogo. Nilitanguliza salamu, "Mbukwenyi," nikakaa, nikaeleza. Nilieleza kila kitu, hata yale ya mashine na alama za vidole. Kiongozi wao, bibi mwenye sauti ya chini sana, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngoma hii hatukuitunga sisi, tuliikuta. Lakini mikono inayoipiga ni yetu."

Mpwa wangu aliposikia maneno hayo baadaye alisema bibi ameigawa sheria vizuri kuliko kitabu chake. Ngoma ya jadi haina mtunzi mmoja wa kumtaja, na sheria ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Wapigaji nao wana haki yao kwa upigaji wao, na ndiyo hiyo inayoitwa hakishiriki. Kwa hiyo kusema "hii ni ya asili, ni ya wote" na kuondoka na rekodi ya watu bure si sawa, hata kama mashine ya mtandao haitakukamata. Mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Kinamama hawa hawana alama yao kwenye kompyuta yoyote. Wakiibiwa hakuna sauti itakayozimwa.

Tuliandika makubaliano kwenye karatasi mbili za daftari, kwa Kiswahili, na nakala nikampelekea pia afisa utamaduni. Shilingi 150,000 kwa kikundi. Nitumie rekodi kwenye video zangu za mapishi kwa miaka miwili, siyo kwenye jambo lingine lolote bila kurudi kwao. Jina la kikundi lionekane kwenye kila video. Rekodi ni yao pia, wanaweza kumpa au kumuuzia mwingine. Nikarekodi kwa simu hii hii na maiki ile ile ya elfu arobaini na tano, chini ya mti, saa kumi na moja jioni upepo ulipotulia. Dakika kumi na nne.

Tangu nianze kuzitumia, hakuna video yangu iliyozimwa sauti. Na oda zimebadilika: zamani watu waliuliza bei, sasa wengi wanauliza kwanza ni ngoma ya wapi. Mlenda unasafiri kwa basi kutoka stendi ya Nanenane, pakiti ya robo kilo, na mara nyingine mteja anamtuma ndugu yake anayepanda treni ya SGR.

Kuna jambo moja linanihusu mimi kama mwenye kazi, nalo nalisema kwa sababu wenzangu wapishi wanalichanganya. Ukurasa mmoja wa Dar ulichukua video yangu nzima, ukakata jina, ukaweka sauti nyingine. Nilikuwa tayari kudai kila kitu, pamoja na mapishi. Mapishi siwezi kuyadai. Kipimo cha magadi na wakati wa kumimina karanga ni njia ya kufanya kitu, na hakimiliki hailindi njia. Tena mlenda niliufundishwa na bibi yangu, naye alifundishwa. Mtu akipika kama mimi, apike, ashibe. Lakini picha nilizozipiga, maneno niliyoyasema na mpangilio wake ni kazi yangu. Hiyo nikaidai kwa fomu ya malalamiko ya mtandao husika, nikaambatanisha video ya asili yenye tarehe. Ilichukua siku tisa wakaiondoa. Kwa hiyo msifute video za asili kwenye simu mkishazihariri. Ndizo ushahidi wenu.

Wiki mbili zilizopita nilirekodi nyama choma mnadani Msalato. Kila banda lina spika yake na kila spika ina wimbo wake. Maiki ya kola haikuweza kuzishinda zote. Nilichofanya ni kuondoa sauti yote ya mnadani, nikarekodi maelezo yangu usiku chumbani nikiwa nimejifunika blanketi lisirudishe mwangwi, nikaweka muheme chini yake. Nikamtumia kijana mmoja wa Chamwino ili bibi aione kabla sijaipakia.

Bibi alinipigia kesho yake. Alisema nyama imeiva vizuri, lakini ngoma kubwa ya nyuma haisikiki, simu yangu imeila. Alisema kweli, nimesikiliza tena na kweli haipo. Ameniambia nirudi na maiki mbili, moja ikae chini karibu na ngoma ile. Nitaenda mavuno ya zabibu yakishapita, kwa sababu sasa hivi kinamama wote wako shambani.