Kupiga kura ya Marekani ukiwa Nairobi: fomu ni nzuri, tatizo ni bahasha

Anayetaka kupiga kura ya Marekani akiwa Nairobi aanze kwa kuweka kando mazoea ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Marekani haina tume moja inayoendesha uchaguzi nchi nzima. FEC, tume ya shirikisho, kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni. Uchaguzi ni wa majimbo, na kwa kawaida ofisi ya kaunti au ya mji ndiyo inayoandikisha watu na kuhesabu kura. Ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri si kituo cha kupigia kura. Unapitisha bahasha tu.

Kwa mfumo uliogawanyika hivyo, fomu ya FPCA, ile ya kuomba kura ukiwa ng'ambo, ni kazi safi sana. Inapatikana bure kwenye tovuti ya FVAP, mpango wa serikali ya Marekani wa kusaidia wapiga kura walio nje, majimbo yote 50 yanaikubali, na karatasi hiyo moja inakuandikisha na papo hapo kukuombea karatasi ya kura. Mkenya mwenye uraia pacha aliyehama Houston miaka 10 iliyopita bado ni mpiga kura wa Houston kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986. Anaandika mahali alipoishi mara ya mwisho, mtaa na nambari ya nyumba, hata kama sasa wanaishi watu wengine. Sanduku la posta halitoshi hapo. Aliyezaliwa huku na hajawahi kuishi kule, majimbo mengi humruhusu kutumia anwani ya mzazi wake. Fomu ijazwe upya kila Januari. Ya mwaka juzi usiitegemee.

Swali la fomu linalowaponza wengi ni lile la chama. Huku chama kina kadi na orodha yake ya wanachama, na mchujo wa kuteua wagombea ni shughuli ya chama. Kule mchujo huendeshwa mara nyingi na serikali ya jimbo, na katika majimbo mengi chama chako kimo ndani ya daftari lenyewe la wapiga kura. Hakuna ada wala kadi. Pennsylvania, New York na Florida zina mchujo uliofungwa: asiyeandikishwa kama Democrat hapati karatasi ya mchujo ya Democrats, na Republicans ni vivyo hivyo. Texas haiandikishi watu kwa vyama, lakini lazima useme unataka karatasi ya chama kipi. Ukiacha pengo, ofisi haina karatasi ya mchujo ya kukutumia. Na aliyeshiriki mchujo wa chama kimoja Texas hawezi kuhamia kingine katika duru ya pili ya mchujo huohuo. California huweka wagombea wa ubunge wa vyama vyote kwenye karatasi moja, wawili wa kwanza wakaingia Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Kwa hiyo usiruke swali hilo kwa kudhani ni la udadisi. Katika maeneo yenye ngome ya chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, jambo ambalo mkaazi wa Nyanza au Mlima Kenya halihitaji kuelezwa.

Kuhusu namna ya kupokea karatasi, chagua barua pepe. Anwani za Nairobi ni masanduku, 00100 au 00621, na barua ikichelewa huna wa kumuuliza. Sheria ya mwaka 2009 inailazimu ofisi kutuma karatasi siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho kwa aliyeomba mapema; kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 hiyo ni tarehe 19 Septemba. Ukichapisha kwenye saiba, kumbuka karatasi ya Marekani ni fupi na pana kidogo kuliko A4, kwa hiyo kagua kingo zisikatwe.

Kurudisha ndiko huduma inakolegea. Massachusetts hupokea kura kwa barua pepe. Texas, New York na Pennsylvania hutaka karatasi yenyewe. Kupitia Gigiri ni bure ukitumia bahasha ya FVAP iliyolipiwa stempu za Marekani, lakini tenga wiki 4. Kampuni ya vifurushi huchukua siku chache, kwa gharama yako. Kura nyingi hazikataliwi kwa siasa bali kwa kuchelewa kufika, sahihi isiyofanana na ya daftari, bahasha isiyotiwa tarehe, au shahidi aliyesahauliwa kwenye majimbo yanayomtaka. Fomu ningeipa 9 kwa 10, urejeshaji 5.

Kinachookoa alama ni FWAB, karatasi ya akiba kwa mtu aliyeomba kura na haijafika. Unaichapisha mwenyewe na kujaza majina kwa mkono. Usipomjua mgombea wa Seneti, andika jina la chama tu: katika uchaguzi mkuu sheria inataka kura ihesabiwe kwa mgombea wa chama hicho. Itume mapema Oktoba bila kungoja. Karatasi rasmi ikija baadaye, ijaze na kuituma pia. Hilo si kosa, na ofisi itahesabu moja tu.