ESET PROTECT kwa mtandao wa ofisi ndogo

Wenye ofisi wengi wanapochagua kingavirusi huuliza kwanza ni ipi inayokamata virusi vingi zaidi, ilhali bidhaa zenye jina zimekaribiana mno katika jambo hilo. Kwa ofisi yenye kompyuta ishirini au thelathini na seva moja ya mafaili, swali zito ni kama msimamizi anaweza kujua, bila kuzunguka meza hadi meza, kompyuta ipi haijasasishwa na ipi imezimiwa ulinzi na mtumiaji aliyechoshwa na maonyo. Kwa kipimo hicho naipa alama za juu ESET PROTECT, mfumo wa kusimamia kingavirusi cha kompyuta zote za ofisi kutoka sehemu moja.

Bidhaa hii inatoka kampuni ya ESET ya Bratislava, Slovakia, ambayo wengi waliifahamu kupitia kingavirusi chake NOD32. Dashibodi yake, yaani ukurasa ambao msimamizi huona hali ya kompyuta zote, unaweza kuitumia kupitia intaneti au kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Mahali ambapo intaneti ni ya kupimapima, kinachofaa zaidi ni programu yake ya ziada iitwayo ESET Bridge: sasisho likishapakuliwa mara moja huhifadhiwa hapo, na kompyuta nyingine hulichukua ndani ya mtandao wa ofisi badala ya kila moja kumaliza bando kivyake.

Jambo jingine ni fleshi, ambazo bado ndizo zinazobeba nyaraka kutoka stesheneri hadi mezani kwa mhasibu. Sera moja, yaani kanuni anayoiweka msimamizi kwenye dashibodi, inaweza kuzifunga zote, kuziruhusu zisomwe tu bila kuandikwa, au kuipitisha ile moja ya mkurugenzi kwa namba yake ya utambulisho. Hata hivyo, udhibiti huo haujawashwa tangu mwanzo, na ukiuwasha ni lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Muuzaji asipokueleza hivyo, utadhani umeshajikinga.

Usakinishaji wa mara ya kwanza unachosha. Kila kompyuta inahitaji vitu viwili, wakala (programu ndogo ya kuwasiliana na dashibodi) na kingavirusi chenyewe, na menyu za sera ni ndefu kiasi cha kumpoteza fundi mgeni. Asiye na fundi wa kudumu afikirie Microsoft Defender for Business, iliyoanza kuuzwa peke yake mwaka 2022 kwa dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi, vifaa hadi vitano kwa kila mmoja, kwa biashara isiyozidi watumiaji 300. Msingi wake umo tayari ndani ya Windows, ila seva hulipiwa leseni ya pembeni, gharama ambayo husahaulika bei zinapolinganishwa.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni nyingine ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, nyingi zikarekebishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kingavirusi chochote huingia ndani sana ya mfumo, kwa hiyo hatari hiyo si ya kampuni moja. ESET hukuruhusu kuchagua masasisho yanayocheleweshwa kwa saa kadhaa. Ningeiwekea seva ya mafaili mpangilio huo, na kompyuta za kawaida ningeziacha zipokee mara moja, kwa kuwa huko ndiko barua pepe zenye viambatisho vya hatari hufunguliwa.