Willie Dixon au Willie Kent: uanze na yupi?

Wote wawili ni wana wa Mississippi waliohamia Chicago, wote walipiga besi, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, na kuimba bluzi (blues), muziki wa Wamarekani Weusi. Ila ukiwasikiliza, ni mbingu na ardhi.

Dixon, aliyezaliwa Vicksburg mwaka 1915, alikuwa pandikizi la mtu na bondia kabla ya muziki kumteka. Besi yake ya kwanza ilikuwa kopo lenye uzi mmoja! Baadaye akashika ile kubwa ya mbao, unayoikumbatia kama mtu. Lakini nguvu yake hasa ilikuwa kalamu: mwimbaji wa bluzi Muddy Waters alivuma mwaka 1954 na "Hoochie Coochie Man", wimbo wa Dixon. Sauti ya Dixon mwenyewe? Ya kawaida tu.

Kent alipiga besi ya umeme. Miaka mingi aliendesha lori mchana, usiku yuko klabuni. Baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1989 akaachana na usukani, na albamu zake nzuri zikafuata. Alifariki mwaka 2006.

Ukitaka tungo, anza na Dixon. Mimi kwa kuimba namchukua Kent, bila kusita.