Django na daftari la shangazi: uzoefu wangu wa kujaribu hesabu za hifadhidata

"Huyu mimi nimemlipa laki na nusu lini?"

Shangazi alikuwa ameshika simu yangu mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Tulikuwa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inapoleta samaki, asubuhi, dagaa wameanikwa hadi pembeni ya benchi tulilokalia. Daftari lilisema mwenye mtumbwi yule kalipwa elfu hamsini na kaleta mabeseni 15. Programu yangu ilisema laki na nusu, mabeseni 30. Nikamwambia nitaangalia. Akanirudishia simu akaendelea na daftari lake.

Programu hiyo, ya kutunza mapokezi ya dagaa na malipo ya shangazi, nimeiandika kwa Django, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) ya lugha ya Python iliyotoka mwaka 2005 mikononi mwa watu waliokuwa wakitengeneza tovuti ya gazeti huko Kansas, Marekani. Huu mwaka wa tatu naitumia hapa Kigoma na naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibania nitaieleza, ingawa nusu yake ni uzembe wangu mwenyewe.

Ninachokipitia hapa ni sehemu moja tu: fomula za ORM, na namna ya kuzifanyia majaribio. ORM ndiyo inayokuwezesha kuongea na hifadhidata kwa Python bila kuandika SQL, lugha ya hifadhidata yenyewe. Ndani yake kuna F ya kutaja safu ya jedwali, Sum ya kujumlisha, Case na When za masharti, Subquery ya kuweka swali (ombi la data kwa hifadhidata) ndani ya swali. Hesabu inafanyikia kulekule kwenye hifadhidata, wewe unaletewa jibu.

Mwanzoni sikuzitumia. Nilizungusha mitumbwi 40 inayomletea shangazi mzigo, mmoja mmoja, kwa Python: swali moja la orodha, kisha kwa kila mtumbwi swali la mapokezi na swali la malipo. Ukurasa mmoja, maswali 81. Jibu lilikuwa sahihi, ila kwa seva ya bei chee niliyokodi na mtandao wa mwaloni, shangazi alikuwa anaweza kupima beseni zima ukurasa haujafunguka. Nikajifanya mjanja: nikaweka Sum mbili kwenye annotate moja (amri ya kuongezea kila mstari hesabu yake), ya mabeseni na ya malipo. Maswali yakashuka kutoka 81 hadi 1. Nikaipandisha kwenye seva bila testi (jaribio la msimbo) hata moja.

Kilichotokea ni hiki. Mwenye mtumbwi alileta mzigo mara tatu: mabeseni 4, 6 na 5. Alilipwa mara mbili, 25,000 kila mara. Ukiunganisha majedwali mawili kwa mpigo, kila pokezi linaoanishwa na kila malipo, inapatikana mistari 6. Kwa hiyo kila pokezi limehesabiwa mara mbili na kila malipo mara tatu. Nyaraka za Django zimelionya hili waziwazi. Nilizipakua zote kwa Wi-Fi ya rafiki ili nisimalize bando, zikakaa kwenye laptopu bila kufunguliwa.

Ndipo nikaanza kuandika majaribio, na hapa Django inastahili sifa zake. Darasa la TestCase hufungua muamala (kundi la mabadiliko yanayoweza kufutwa kwa pamoja) kabla ya kila jaribio na kuurudisha nyuma likiisha, kwa hiyo unaingiza mapokezi ya uongo, unahesabu, na hakuna uchafu unaobaki. Ukitumia SQLite, aina nyepesi ya hifadhidata, hifadhidata ya majaribio inaundwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, haigusi hata diski. Umeme ukikatika naendelea na betri, intaneti haihitajiki. Na kuna assertNumQueries: unaitajia idadi ya maswali unayotegemea, msimbo ukizidisha hata moja, jaribio linaanguka. Hiyo peke yake ingeniambia habari za yale 81 siku ya kwanza.

Testi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumbwi mmoja, mapokezi 4, 6, 5, malipo 20,000 na 30,000. Ikaanguka vizuri: 30 badala ya 15. Nikaweka distinct=True kwenye Sum zote mbili. Ikapita, kijani kitupu. Nikataka kumpigia shangazi.

Sijui nini kilinishika nikafungua kwanza picha ya daftari niliyopiga. Malipo yake halisi hayakuwa 20,000 na 30,000, yalikuwa 25,000 na 25,000. Nikaweka namba hizo, testi ikaanguka tena: jumla 25,000. Bila shaka! distinct inatupa thamani zinazojirudia, na kwake 25,000 mbili ni kitu kimoja. Mabeseni yalitoka sahihi kwa sababu tu hakuna mizigo miwili iliyolingana. Tangu siku hiyo situngi namba za testi kutoka kichwani. Natoa kwenye daftari, nahesabu kwa peni, ndipo naandika jibu ninalolitegemea. Dawa yenyewe ilikuwa Subquery mbili, kila moja ikijumlisha jedwali lake peke yake. Swali bado ni 1, na 15 ni 15.

Mengine yaliyoninasa niyapitie haraka. Sum isipokuta mstari wowote hairudishi sifuri, inarudisha None, yaani "hakuna kitu". Hili utalikuta tu ukichapa ripoti ya kipindi kama kile cha mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15: hakuna pokezi, None inakutana na hesabu ya kutoa, ukurasa unakufa. Tangu toleo la 4.0 unaweka default=0 yameisha. Pia SQLite haijali herufi kubwa na ndogo ukitafuta kwa contains (neno lililomo ndani ya jina), PostgreSQL, hifadhidata ya kwenye seva yangu, inajali. Mitumbwi ya huku imeandikwa majina kwa herufi kubwa ubavuni. Testi zilipita kwangu, kwenye seva utafutaji wa herufi ndogo ukarudi mtupu. Siku hizi kabla ya kupandisha naziendesha zote kwa PostgreSQL.

Lililonichekesha ni la saa. Dagaa huvuliwa usiku, na kuna mitumbwi inayorudi saa nane. Mradi mpya wa Django unakuja na TIME_ZONE (majira ya saa) ya UTC, saa ya kimataifa, nami sikuibadilisha. Saa nane usiku ya Kigoma ni saa tano usiku ya UTC, siku iliyotangulia, hivyo TruncDate, inayoacha saa na kubakiza tarehe, ikawa inaupeleka mzigo jana. Aliyefika kabla ya saa tisa anahesabiwa jana, aliyefika baadaye leo. Niliweka Africa/Dar_es_Salaam, nikaandika testi ya mapokezi mawili, la saa nane na nusu usiku na la saa kumi na mbili asubuhi, yote lazima yaangukie tarehe moja.

Nyota niliyoibania ni hii: ukichanganya aina za namba kwenye fomula, unapewa kosa la kukutaka utaje output_field (aina ya jibu), na mgeni hawezi kujua ataje ipi. Na ukichapisha swali la SQL ili ulione, thamani za maneno zinatoka bila alama za kunukuu, ukilibandika kwenye hifadhidata linagoma.

Shangazi sasa anaiamini kiasi, na ameleta jipya. Hataki ripoti ya mwezi wa kalenda. Mwaloni watu wanahesabiana kwa giza: mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, mahesabu yanafungwa. Django ina TruncMonth ya mwezi wa kalenda, ya giza haina. Nimetengeneza jedwali la magiza lenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, Subquery inatafuta kila pokezi liko giza lipi. Testi moja bado nyekundu: mzigo ulioingia siku ileile giza linapofungwa. Nimemuuliza shangazi unahesabiwa giza lililopita au linalokuja.

"Inategemea, mwanangu," akasema, "ni mtumbwi wa nani."