Hilux yangu, pleti mbili za springi na viazi vya Isyonje

Nina Hilux dabo kebini ya injini ya 2.4, mwaka wa nne sasa nabebea viazi kutoka Isyonje kushuka Uyole, huku Mbeya. Kwa starehe na mafuta siilalamikii. Ninachotaka kusema ni habari ya mzigo, maana huko nimejidanganya mwenyewe na nikasaidiwa kudanganyika.

Mwaka jana nyuma ilianza kukalia. Nikaenda kwa fundi mmoja, akainama chini, akagonga springi kwa spana, akasema, "Baba, nikuongezee pleti mbili tu, hapa unapiga tani mbili bila wasiwasi." Shilingi 180,000, yubolti mpya juu yake. Kazi ilikuwa safi, sikatai. Gari likasimama wima kama jogoo, nami nikaanza kupakia magunia 12.

Miezi mitatu baadaye, kwenye mteremko, nikasikia harufu ya kuungua tairi la nyuma kushoto. Kufungua drami, viatu vya breki vimelowa oili. Beringi imeisha, sili ya kuzuia oili imeachia.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Mbalizi, ndiye aliyenifungua macho. Kwenye Hilux, shafti ya nyuma inazungusha tairi na papo hapo inabeba uzito wa gari. Land Cruiser 79 ya shemeji yangu haiko hivyo: uzito unabebwa na nyumba ya ekseli kupitia habu, yaani kitovu cha tairi, yenye beringi mbili, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Utaitambua kwa macho: katikati ya tairi la nyuma habu imechomoza nje, na duara la nati ndogo usoni. Pleti zangu mbili zilinyanyua bodi. Beringi, shafti, breki na chesisi zilibaki zile zile.

Nikapeleka gari kwenye mzani wa ghala moja la nafaka. Tupu, tangi limejaa: kilo 1,990. Kibati cha mlangoni kinasema jumla isizidi 2,910. Zinabaki 920. Toa mimi na vijana wawili, kilo 210, zinabaki 710. Lumbesa zetu zinagonga kilo 130 moja, kwa hiyo haki yangu ni magunia matano. Nilikuwa napakia 12! Piga hesabu: kilo 3,760 barabarani. Tairi zangu zimeandikwa 112, yaani kilo 1,120 kila moja, na mzigo karibu wote unakaa kwenye zile mbili za nyuma.

Kwa nini hatujui haya? Kwa sababu pikapu hazipimwi. Mizani ya barabarani kama ya Makambako ni ya magari ya kuanzia tani tatu na nusu, sisi tunapita pembeni tukipunga mkono.

Na msikimbilie kusema nunua 79. Kwenye kibati hata yenyewe haizidi sana tani moja, ila ukiikosea inakuvumilia zaidi. Kwa mwenye magunia 12 kila siku, gari ni Canter.

Hilux bado naisifu, kwa magunia matano. Zile pleti nilizing'oa, maana ikiwa tupu ilikuwa inaruka mpaka mama watoto akakataa kupanda. Zipo nyuma ya banda la kuku. Anayezitaka aje, ila aje na gari lake nisome kibati kwanza.