Kabla hujanunua roboti ya kukata nyasi, uliza habari za radi

Roboti yangu ya kwanza haikufa kwa uzee. Jioni moja radi ilipiga mti ng'ambo ya uwanja, na kulipokucha taa ya kituo cha kuchajia ilikuwa imezimika. Ndani ya nyumba hakikuungua kitu, hata balbu. Fundi alipofungua kituo alikuta bodi ya kielektroniki imekuwa nyeusi. Akafungua roboti yenyewe, nayo vilevile, maana usiku huo ilikuwa imeegeshwa pale ikichaji.

Wengi huniuliza kuhusu kelele, programu ya simu na eneo inaloweza kukata. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Lisiloandikwa ni kwamba waya wa mpaka, ule unaoufukia kuzunguka uwanja ili roboti ijue mwisho wa eneo lake, ni antena. Nyumba ya shamba huhitaji mita mia kadhaa za waya huo, na radi haina haja ya kuugusa. Ikipiga jirani tu, umeme huzaliwa ndani ya kitanzi na kukimbilia kwenye bodi. Ndiyo maana kile kifaa cha kinga unachochomeka kwenye soketi hakitoshi: kinalinda upande wa nyumba, ilhali pigo linatokea uwanjani. Dawa ni kuchomoa vyote mawingu yakiwa bado mbali, yaani adapta, waya wa mpaka na waya wa kuongozea (unaoirudisha roboti kituoni), kisha kuiondoa roboti kituoni. Nyaya zitie alama, usije ukazirudisha kinyume.

Kwa hiyo napanga mashine kwa maswali mawili. Je, nyaya zinachomoka upesi? Na bodi ikiungua, naweza kununua bodi peke yake?

Ya kwanza kwangu ni Husqvarna Automower, na sifichi kwamba naipenda. Wasweden hawa walitoa roboti yao ya kwanza mwaka 1995, ikitumia nguvu ya jua, na kitabu chao cha maelekezo kinakuambia waziwazi uchomoe nyaya radi inapokaribia. Mwenye uwanja wa mabonde aangalie 435X AWD, inayopanda mteremko wa hadi asilimia 70. Mimi ningechukua mojawapo ya zile za NERA zinazokubali waya na pia zinaweza kuongozwa na setilaiti kwa mfumo wa EPOS. Ukichoshwa na waya, mashine hutupi.

Segway Navimow inafuata. Haina waya wa mpaka kabisa, hivyo kitanzi chote kinachonitia hofu hakipo. Lakini kwa zile zinazoongozwa na setilaiti, antena lazima ione anga, na nyumba iliyozungukwa na miti mirefu itaihangaisha. Antena hiyo nayo ina kebo, ichomoe pia.

Mammotion Luba yenye magurudumu manne yanayosukuma yote naiweka ya tatu. Mteremko wa asilimia 80 inaupanda. Inafaa uwanja ulio wazi wenye makorongo, na kuhusu miti onyo ni lilelile.

Worx Landroid inatosha kwa kiwanja kidogo. Zile za bei ya chini zisizo na vipuri sizipangi.

Muuzaji wangu ndiye aliyeniumiza kuliko radi yenyewe. Siku ya kununua alinieleza visu, betri na mvua, radi hakuitaja hata mara moja. Siku ya kurudisha akasema waranti haihusu radi. Nikamwomba aniuzie bodi mbili, akajibu haziuzwi pekee, ninunue seti nzima pamoja na kufukiwa waya mpya. Waya mpya wa nini? Nilipima ule wa zamani kwa mita ya fundi, haukuwa umekatika popote. Ni waya wa shaba tu, na mara nyingi kituo kipya kinaufanyia kazi vizuri. Wangapi wamelipia kuchimbiwa uwanja upya kwa kuwa hakuna aliyewaambia wapime kwanza?

Basi ukienda dukani, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba bodi ya kituo na bodi ya roboti zinauzwa kila moja peke yake. Akikataa kuandika, nenda kwa mwingine. Mimi nilitembelea wanne kabla ya kumpata aliyeshika kalamu.