Nilitaka wimbo laini, nikarudishiwa msumari

Hasira hazijanitoka, nivumilieni. Siku chache kabla ya Ramadhani, au ilishaingia, sikumbuki vizuri, nilimpelekea fundi mitambo mmoja wa hapa mjini wimbo wangu aumiksi, yaani azipatanishe sauti zake. Nimeurekodi mwenyewe chumbani: udi na sauti, basi. Nikamwambia, "Nataka uwe laini, lakini kila neno lisikike." Sisi watu wa taarab, shairi lisiposikika hakuna wimbo.

Alichonirudishia ni msumari. Kila "s" inachoma. Nikifika kwenye "sisi" ni kama mtu anakaanga samaki mbele ya maiki.

Nikarudi kwa adabu zote. "Ndugu yangu, hizi s zinaumiza." Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee, hiyo ndiyo sauti ya kisasa. Ukitaka laini, kazime trebo kwenye redio yako." Mzee! Nina miaka 42. Na wale vijana wawili kwenye kochi wakacheka.

Nikaenda nikaizima kweli hiyo trebo, zile sauti kali za juu, kwa ukaidi. Nikasikika kama naimba ndani ya pipa.

Usiku ule nikafungua Audacity, programu ya bure, nikaanza upya na sauti nilizorekodi. Ule ukali wa udi niliukuta kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, zikizidi sauti inakuwa nyembamba zaidi), pale pale ambapo sikio la binadamu ni jepesi zaidi. Nikaishusha nguvu ya sauti hapo kwa desibeli 3. Kisha nikapunguza mvumo wa chumba, hezi 200 hadi 400, na maneno yakajitokeza bila kuongeza trebo hata chembe. Hapo nilikaa kimya kidogo. Zile "s" ziko juu zaidi, hezi 5,000 hadi 8,000 hivi. Nikazifuata moja moja, nazishusha kwa mkono, mpaka wapiga daku wakapita nje. Kumbe Ramadhani ilishaingia.

Sasa panaponiuma ni hapa: "s" zilikuwemo tangu mwanzo. Niliimba mdomo umeelekea maiki moja kwa moja, karibu kuilamba. Niliporudia ubeti mmoja maiki ikiwa pembeni kidogo, umbali wa shubiri, na blanketi nimelitundika nyuma yangu, ukali mwingi ukaondoka wenyewe. Haya, kosa langu. Lakini si yeye ndiye fundi? Neno moja tu angenipa! Badala yake akazidisha trebo, akabana na kompresa, kile kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, mpaka pumzi zangu zikalingana na kiitikio.

Nilishaandika hapa kwamba mtu yeyote asiende kwake. Nimefuta. Wa singeli aende, kule ukali ndio utamu wenyewe, na nyimbo za wenzangu alizonichezea zilikuwa na besi safi, siwezi kumdhulumu. Wa udi asiende. Au aende, ila asitamke "laini", aseme "nishushie s".

Pesa nimemsamehe. Lile "mzee" bado.